Naomba ushauri: Mama anasubiri kubadilishiwa goti, auandae vipi mwili wake?

Binti Mkubwa:
Habari zenu, ndugu zangu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 66, amepangiwa upasuaji wa kubadilishiwa goti baada ya wiki 6. Ana kisukari anachokitibu kwa vidonge, na kwa sababu ya maumivu amepungua mwili na hushinda amekaa. Ndugu wanasisitiza apumzike kabisa ili atunze nguvu, lakini mimi nahofia kwamba kukaa huko ndiko kunakommaliza. Wiki hizi tuzitumieje ili asichelewe kusimama tena?

Tiba ya Viungo:
Pole kwa kuuguza, dada. Hofu yako ina msingi. Msuli usiotumika hunywea upesi, hasa kwa mtu mzima, na upasuaji wenyewe huudhoofisha zaidi msuli wa mbele ya paja, ambao ndio unaonyoosha goti. Anayeingia na akiba ndogo hutoka hana kitu. Mama akae kwenye kiti imara, anyooshe mguu taratibu, aushikilie kwa sekunde 5, aushushe, kisha arudie hadi mara 10 kadiri maumivu yanavyoruhusu. Halafu ajizoeze kuinuka kitini bila kujivuta kwa mikono. Asiusahau ule mguu mwingine ulio mzima wala mikono yake, kwa kuwa siku za mwanzo hivyo ndivyo vitakavyombeba. Tena ningependa sana ajifunze kutembelea magongo sasa, kabla hajawa na kidonda, kwani kujifunza jambo jipya ukiwa na maumivu na kizunguzungu cha dawa ni mateso.

Muuguzi wa Wodini:
Naunga mkono, ila mazoezi bila chakula hayajengi msuli. Kabla ya upasuaji mkubwa hulengwa gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 72 hadi 90 kwa mtu wa kilo 60. Kwa kuwa ana kisukari, figo zake zipimwe kwanza, maana figo dhaifu hubadilisha hesabu hiyo. Sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona na hukaribisha maambukizi, na maambukizi kwenye goti la bandia ni shida kubwa kuyaondoa. Muombe pia daktari apime wingi wa damu mapema, kwa sababu upungufu unaotokana na kukosa madini ya chuma hautibiki kwa siku mbili.

Binti Mkubwa:
Nawashukuru sana. Mama havuti sigara, lakini humeza vidonge vya kitunguu saumu kila siku. Je, aendelee navyo?

Muuguzi wa Wodini:
Vidonge hivyo vinaweza kuongeza kutokwa na damu, kwa hiyo mwambieni daktari wa usingizi mapema, pamoja na kila dawa nyingine anayotumia, ya hospitali na ya asili. Dawa za kisukari asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe: zipo zinazosimamishwa siku kadhaa kabla ya upasuaji na zipo zinazoendelea, na daktari ndiye atakayezitenganisha. Jambo jingine, msimnyoe goti kwa wembe nyumbani. Michubuko midogo ya wembe huwapa vijidudu njia ya kuingia, na nywele zikihitaji kuondolewa, zitapunguzwa kwa mashine hospitalini.

Binti Mkubwa:
Nimeelewa. Kesho nitaomba apimwe damu na figo, na zoezi la kiti tunalianza leo jioni.