Sheria ya kodi inayorudi nyuma Uingereza (kifungu cha 58 na mpango wa Kisiwa cha Man): inapingwaje?

Mtaa_wa_Pili:
Wakuu, natafuta wanaoijua kodi ya Uingereza. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Fedha ya 2008 kinasema kihesabiwe kwamba kimekuwepo siku zote, yaani kwa vitendo tangu 1987, na hivyo kilifuta mpango wa ubia wa Kisiwa cha Man (njia ya kupunguza kodi kwa kupitisha mapato kwenye ubia wa kisiwani) hata kwa miaka ambayo watu walikwisha kuwasilisha ritani na kueleza kila kitu. Naelewa kesi ya Huitson, mlipakodi aliyekipinga kifungu hicho mahakamani, ilishindwa. Ilishindwa kwa hoja ipi hasa? Na mwenye makadirio (hati ya kodi anayodaiwa) ya HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, mkononi afungue kesi Mahakama Kuu kudai haki ya mali, au abaki na rufaa yake kwenye baraza la kodi?

Wakili_Bara:
Mkuu, Huitson alianguka kwenye mizani. Mahakama ilikubali kwamba sheria inarudi nyuma, ila ikasema kurudi nyuma peke yake hakuvunji Kifungu cha 1 cha Itifaki ya Kwanza ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kinacholinda haki ya mali. Kinachopimwa ni kama maslahi ya umma na mzigo wa mlipakodi vimewekwa kwa uwiano wa haki, na kwenye mambo ya kodi Bunge lina nafasi pana sana.

Ukitaka kujua kwa nini mizani ililala upande wa serikali, anzia Jersey. Padmore, aliyeishi Uingereza akiwa mbia katika ubia wa Jersey, aliposhinda kesi yake kwa kutumia mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, Bunge lilijibu mwaka 1987 kwa sheria iliyorudi nyuma. Waliobuni mpango wa Man wakaweka wadhamini (trustees, wanaoshika mali kwa niaba ya mwingine) katikati. Wabia walikuwa wadhamini walioko kisiwani, na mlipakodi wa Uingereza akawa mnufaika tu wa mapato, halafu wakaegemea ibara ya 3(2) ya mkataba wa kodi wa 1955 kati ya Uingereza na Man. Kifungu cha 58 kikasema "mbia" ni pamoja na yeyote mwenye haki ya sehemu ya mapato ya ubia. Kwa hiyo aliyeingia alijua, au alipaswa kujua, kwamba Bunge lilikwisha kuufunga mlango huohuo kwa njia hiyohiyo.

Mahakama Kuu iliamua Januari 2010, Mahakama ya Rufaa Julai 2011, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg ikalikataa ombi Januari 2015 kuwa halikubaliki kisheria. Hoja ya "nilieleza kila kitu kwenye ritani" haikumwokoa, kwa sababu kueleza si kupewa ahadi.

Karani wa Rufaa:
Niongeze jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Hata ukishinda hoja ya haki za binadamu Mahakama Kuu, unachopata ni tamko kwamba sheria haipatani na Mkataba. Kifungu cha 4(6) cha Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998 kinasema wazi kuwa tamko hilo halibatilishi sheria, na deni lako linabaki palepale hadi Bunge libadilishe. Baraza la kodi la ngazi ya kwanza lenyewe haliwezi hata kutoa tamko hilo.

Na saa haikusubiri. Maombi ya mapitio ya mahakama (fomu N461), ndiyo njia ya kupinga jambo hili Mahakama Kuu, yanapelekwa haraka, na kwa vyovyote ndani ya miezi 3, baada ya barua ya kabla ya kesi. Ukishindwa, unalipa gharama za upande wa pili. Strasbourg sasa ni miezi 4 tangu uamuzi wa mwisho wa ndani. Hadi Januari 2022 ilikuwa 6, na bado kuna watu wanaohesabu kwa kipimo cha zamani.

Mtaa_wa_Pili:
Asante sana. Kwa hiyo kwenye baraza kimebaki nini cha kupigania?

Wakili_Bara:
Kimebaki kingi, na mimi ningeweka nguvu zangu zote huko. Acha kuuliza kama sheria ni halali, uliza kama HMRC wana makadirio halali ya mwaka huo. Chukua kila mwaka peke yake. Je, uchunguzi ulifunguliwa ndani ya miezi 12, kama ritani iliwasilishwa kwa wakati (tangu ritani kupokelewa kwa ritani za 2007-08 na kuendelea, na tangu siku ya mwisho ya kuwasilisha kwa za kabla ya hapo)? Kama haukufunguliwa, wanahitaji makadirio ya "ugunduzi", yaani ya kodi waliyogundua baadaye kuwa imepungua, chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 1970. Hapo ndipo maelezo ya kwenye ritani, yale yasiyosaidia kitu kwenye haki ya mali, yanapata thamani. Kama hukuzembea, na ofisa wa wakati ule angetarajiwa kuona upungufu wa kodi kutokana na ulichoandika, makadirio yanaanguka. Yule aliyeandika mstari mmoja usioeleweka ana hali mbaya.

Halafu hesabu muda. Kawaida ni miaka 4, uzembe 6, makusudi 20. Tangu Sheria ya Fedha ya 2019 kuna miaka 12 kwa mambo ya nje ya nchi, lakini haifufui miaka yote ya zamani: inaanza mwaka wa kodi 2013-14 penye uzembe, na 2015-16 pasipo uzembe.

Rufaa ni siku 30 tangu tarehe ya makadirio. Katika siku hizo hizo omba kodi isimamishwe, maana rufaa peke yake haisimamishi malipo.

Karani wa Rufaa:
Isipokuwa umepewa notisi ya malipo ya mapema (amri ya kulipa kwanza kodi inayobishaniwa) chini ya Sheria ya Fedha ya 2014. Hiyo haina rufaa. Unaandika hoja zako kwa HMRC ndani ya siku 90, na kodi uliyoomba isimamishwe inadaiwa hata hivyo. Watu huipuuza barua hii wakidhani rufaa yao inawalinda, adhabu zikaanza.

Hesabu_Safi:
Tozo ya mikopo ya 2017 (kodi ya Uingereza kwa waliolipwa mapato yao kwa sura ya mikopo) isichanganywe na haya. Yenyewe ilihesabu mikopo ambayo haijalipwa kufikia 5 Aprili 2019 kuwa mapato ya mwaka wa kodi 2018-19, kwa hiyo hoja ya muda ya Wakili haifai kitu pale. Mahakama Kuu iliikataa hoja ya haki ya mali mwaka 2020. Kilichopunguza mzigo ni siasa: baada ya mapitio huru ya tozo hiyo aliyoyafanya Sir Amyas Morse kwa serikali, Desemba 2019, mikopo ya kabla ya 9 Desemba 2010 ilitolewa, na ile ya hadi 5 Aprili 2016 pia ikatolewa kama ilielezwa vya kutosha na HMRC wakanyamaza.

India nako ni hivyohivyo. Sheria ya 2012 iliyoilenga Vodafone, kampuni ya simu, ilirudi nyuma hadi 1962. Kampuni ilishinda kwenye usuluhishi wa kimataifa mwaka 2020 kwa sababu ilikuwa na mkataba wa uwekezaji wa kuegemea. Bunge lilifuta madai hayo mwaka 2021, kwa sharti kila kesi iondolewe, na waliokwisha lipa wakarudishiwa fedha bila riba. Mtu binafsi anayeishi Uingereza na kudaiwa na Uingereza hana mkataba wa namna hiyo, kwa hiyo njia ile haimhusu.

Mtaa_wa_Pili:
Nimeelewa. Naanza na tarehe za uchunguzi, mwaka kwa mwaka, na nakala za ritani zenyewe.