Uzamivu wa nadharia ya jamii na siasa: UDSM, Makerere, au mkondo wa Kanada?

Gangilonga_Juu:
Wakuu, salaam. Tulinganishe hapa kwa faida ya wahadhiri wasaidizi wa Iringa na Mbeya wanaotaka uzamivu wa nadharia yenyewe, si utawala wa umma wala takwimu. Njia ninazoziona ni nne. Kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kwa tasnifu, ndani ya idara moja. Kuna MISR, taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, Uganda. Kuna kuingia idara ya kawaida nje yenye mkondo wa nadharia unaounganisha idara kadhaa, kama Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada. Halafu kuna programu zinazojitegemea kabisa, kama York ya Toronto au ile Kamati ya Fikra za Jamii ya Chicago iliyoanzishwa 1941. Ipi inafaa, na watu wanakwama wapi?

MwalimuKihesa:
Mkuu, anza na kitakachoandikwa kwenye cheti. Ukifuata mkondo ukiwa Sayansi ya Siasa, shahada inabaki ya Sayansi ya Siasa, mkondo ni nyongeza tu. York shahada yenyewe ni ya Fikra za Jamii na Siasa. Sasa tangazo la kazi la vyuo vyetu linasema "Sayansi ya Siasa, Sosholojia au fani inayoendana", na hilo "inayoendana" linaamuliwa na mtu wa utumishi mwenye vyeti vyako vitatu mezani. Kama viwili vya kwanza ni vya fani moja, huna shida. Kama ni ualimu, kisha maendeleo ya jamii, kisha fikra, jiandae kujieleza. Na msitegemee TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) iwatetee hapo. Wao wanatambua kuwa shahada ya nje ni halali, hawaiambii idara ikupangie somo gani.

Binti_Uyole:
Kweli kaka Kihesa, ila mkondo nao una gharama yake. Masharti yote ya idara mama unayatimiza, mbinu za utafiti zikiwemo, halafu juu yake unaweka semina za mkondo na mtihani wa umahiri wa nadharia. Kwenye kamati anaingia profesa wa idara nyingine. Hapo ndipo watu wanapochelewa: wa siasa anataka usome maandiko ya dola, wa sosholojia anauliza tabaka liko wapi, na orodha ya vitabu inaongezeka kila mkikutana. Orodha iandikwe mapema, wasimamizi wote waikubali kwa maandishi, na anayetaka kuongeza kitabu aseme kipi kinatoka.

Isimani_Kwetu:
Mmeiruka MISR haraka mno. Programu ile ilianza 2012 chini ya Mahmood Mamdani, na miaka miwili ya mwanzo ni darasani: siasa, uchumi wa kisiasa, historia na utamaduni. Kwa mtu ambaye shahada yake ya pili ilikuwa kusambaza dodoso, miaka miwili ya kusoma tu ndiyo dawa. Ila imepangwa kwa miaka mitano. Mwajiri akiandika ruhusa ya masomo ya miaka mitatu, miaka miwili ya mwisho utaisoma huku ukiomba nyongeza.

UDSM ni nafuu kwa aliye Mkwawa, maana ni chuo kishiriki chao. Kibali cha utafiti kinatoka ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo, unakipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha unashuka wilayani. Upungufu wake ni kwamba kwa njia ya tasnifu hakuna anayekufundisha nadharia. Ni wewe na msimamizi. Omba msimamizi wa pili kutoka Falsafa na Masomo ya Dini tangu siku ya kusajiliwa. Ukisubiri sura ya tatu, atakuja kubomoa ya kwanza.

Gangilonga_Juu:
Na andiko la kuombea? Naona wengi wanakataliwa hapo.

Binti_Uyole:
Sampuli ya maandishi ndiyo inayowaangusha. Vyuo vingi vya Amerika Kaskazini vinataka kama kurasa 15 hadi 25, na watu wanatuma sura ya nne ya tasnifu ya uzamili: majedwali ya SPSS (programu ya takwimu), asilimia, "wahojiwa walisema". Nadharia ilikuwa kurasa mbili sura ya pili na haikuonekana tena. Tuma hoja moja inayobishana na mwandishi mmoja kuanzia ukurasa wa kwanza.

Pendekezo la utafiti ni vivyo hivyo. Chukua Ihefu, ardhioevu iliyo bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali, Mbeya. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu, wengi wakaelekea Lindi, na 2008 Pori la Akiba la Usangu likaingizwa Hifadhi ya Taifa Ruaha. "Athari za kuhamishwa kwa wafugaji Mbarali" ni ripoti ya mradi. Swali la nadharia liko kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999: ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Mdhamini anadaiwa nini na anayedhaminiwa? Ukimleta mwanafalsafa Mwingereza John Locke, kwake kazi ya mikono ndiyo inayozaa umiliki, na anayoiona yeye ni kulima na kuzungushia ua. Kazi ya mfugaji haiachi ua. Hapo una sura mbili kabla hujaenda uwandani, na profesa wa Victoria ataelewa bila kuujua mji wa Rujewa huko Mbarali.

Isimani_Kwetu:
Na wasikimbilie wote Isimani na kifo cha Dkt. Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa huko na mkulima mwaka 1971. Kisa kinavutia kuliko hoja, mwombaji anaishia kusimulia.

MwalimuKihesa:
Kalenda sasa. Kwa kuanza Septemba, maombi ya Kanada na Marekani mengi hufungwa kati ya Desemba na katikati ya Januari. Transkripti omba Septemba ya mwaka unaotuma, pamoja na barua ya kuthibitisha ulisoma kwa Kiingereza. Baadhi ya vyuo huikubali badala ya IELTS (mtihani wa Kiingereza), vingine havitaki kabisa, kwa hiyo uliza kabla ya kulipia mtihani. Barua za marejeo ni tatu kwa kawaida, na mfumo wa maombi unamtumia mwandishi wa barua kiungo kwa barua pepe. Anayetumia anwani ya zamani ya chuo asiyoifungua, mpigie simu siku hiyohiyo.