Kisongo au KIA: kwenda Unguja ipi inawahi?

Wa_Sakina: Wakuu, mwezi ujao nampeleka mama mkwe Unguja kwa wajukuu. Ndege za Kisongo (uwanja mdogo wa hapa Arusha) naona zimeandikwa kama dakika 90, za KIA (uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro) kama 60. Kwani umbali unatofautiana kiasi hicho?

Mtoto wa Kibosho: Hapana mkuu. Kwa mstari ulionyooka, KIA hadi uwanja wa Abeid Amani Karume ni kama kilomita 390, na Kisongo kama 425. Hizo 35 hazili nusu saa. Kinacholeta tofauti ni ndege yenyewe. Kisongo mara nyingi utapanda Caravan, kidege cha injini moja, abiria kumi na wachache, mwendo wake kama kilomita 300 kwa saa. KIA unaweza kupata ATR inayokaribia 500, au Bombardier Q400 inayopita 600. Muda wa kwenye tiketi una kutambaa uwanjani pia, kwa hiyo usigawanye tu ukaja kulalamika.

Dada_Tengeru: Ya angani mmemaliza, ya barabarani je? Kisongo ukitoka Sakina ni pua na mdomo. KIA ni kama kilomita 50 kutoka mjini, na katikati kuna Tengeru na Usa River. Nusu saa mliyookoa hewani mnaiacha kwenye foleni.

Fundi Pasua: Nyie wa Arusha mna anasa ya kuchagua. Sisi wa Moshi tunapanda kosta, tunashuka njia panda ya KIA, boda mpaka getini, basi.

Mzee wa Mizani: Kijana, uliza kilo kwanza. Videge vingi vya Kisongo mwisho kilo 15, na wanataka begi laini, si sanduku gumu. Si roho mbaya. Kisongo iko karibu mita 1,390 juu ya bahari, KIA kama 890. Kule juu hewa ni nyepesi, jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, na ndege inabeba pungufu. Tena njia ya kurukia ni fupi. Ya KIA ina kilomita 3.6, hata madege ya Ulaya yanatua.

Bajeti_Finyu: Basi hadi Dar, halafu boti. Nafuu kuliko zote.

Dada_Tengeru: Kilomita 600 na ushee, kutwa nzima, kisha saa mbili baharini. Na mama mkwe? Unataka ndoa ya mwenzio ivunjike?

Wa_Sakina: 😂 Begi la mama peke yake limefika kilo 22, na ndizi hajaweka. Shikamoo Mzee wa Mizani, umenisaidia. Nakata ya KIA, inaruka saa nne asubuhi. Dada, nitoke saa ngapi?

Dada_Tengeru: Saa kumi na mbili muwe barabarani. Na hizo ndizi uliza nazo zinapimwa kwenye kilo zipi, maana akina mama wanapenda kuziita "kamfuko tu".