Afisa mteule kanivunjia heshima mbele ya askari wangu, nifanyeje?

Nyota Moja: Wakuu, naombeni ushauri. Mimi ni luteni usu, nina miezi minne tangu nitoke chuo cha maofisa, Monduli. Jana RSM wetu (sajinimeja wa kikosi), afisa mteule daraja la kwanza, aliwarudisha gwarideni askari niliowaruhusu mimi. Nina kamisheni ya Rais, yeye ana hati ya uteuzi tu. Nani mkubwa?

Mstaafu: Wewe. Yeye ndiye anayekupigia saluti. Ila nidhamu, gwaride na mavazi ya kikosi kizima viko mikononi mwake, na hapo anasema kwa niaba ya kamanda kikosi. Uliwaruhusu waende wapi?

Nyota Moja: Tusiende huko mkuu. Suala ni heshima.

Mama Tatu: Mume wangu alistaafu sajini taji. Maluteni wadogo walikuwa wanakuja kwetu usiku kuomba ushauri, wanakula na ugali. Kuuliza si aibu mwanangu.

Mjukuu wa KAR: Babu alitumikia King's African Rifles (KAR), jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki. Mwafrika akipanda sana alikuwa anaishia efendi, cheo cha chini ya ofisa mwenye kamisheni. Idi Amin alikipata cheo hicho 1959, kamisheni 1961. Neno ndilo hilihili tunalotamka leo "afande".

Mstaafu: Luteni, hujajibu.

Nyota Moja: Sawa. Walikuwa wanne, wananisaidia kuhamisha vyombo. Lakini walikubali wenyewe! Na barua ya kumshtaki nimeshaandika, asubuhi naipeleka.

Kobe: Kabati la milango mingapi hilo?

Mkataa Chai: Hii chai. Ofisa gani anauliza sheria za jeshi humu badala ya mkuu wake wa kombania?

Nyota Moja: Mkuu wa kombania alifundishwa ukuruta na huyohuyo RSM! Nimwendee nani?

Mkataa Chai: Jibu zuri, lakini bado nanusa majani.

Mstaafu: Chai au si chai, wapo vijana wa hivi. Barua hiyo ikisomwa, swali la kwanza litakuwa vyombo vyako. Ichane. Halafu niambie, alikugombeza mbele yao?

Nyota Moja: Hapana. Alipiga saluti, akasema, "Afande, hawa wanahitajika gwarideni." Akasimama ananisubiri.

Mstaafu: Ukamjibu nini?

Nyota Moja: Niliondoka.