Nakala ya akiba ya klasta ya nodi mbili: klasta ikiharibika, itarudi?

Fundi wa Changamwe: Salaam aleikum. Nina klasta ya Windows Server: seva mbili (nodi) zinazofanya kazi kama moja, diski ya pamoja, na diski ya kura, ihesabiwayo pamoja na nodi klasta ikitafuta wingi wa kura. Kila nodi huchukuliwa nakala saa sita usiku. Yatosha?

Tudor4: Aleikum salaam ndugu. Huduma ya klasta ikiwa imezimwa wakati wa nakala, hifadhidata yake (yenye usanidi, yaani mipangilio ya klasta) haiingii; lazima iwe hai na kura zitimie, yaani zaidi ya nusu ziwepo. Kila nodi, tumia wbadmin, amri ya Windows ya nakala: `wbadmin start backup -allCritical -backupTarget:E:`. E:, diski inayopokea nakala, isiwe ya klasta. Data ya diski ya pamoja ichukulie nakala yake peke yake, toka nodi inayoimiliki. Diski hiyo ikihamia nodi ya pili saa tano usiku, nakala ya nodi ya kwanza itaiacha nje, nawe utajua siku ya msiba.

Bi Kizingo: Kurudisha ni kwa namna mbili, na watu huzichanganya. Nodi moja imekufa: irudishe kama mashine ya kawaida, itachukua usanidi mpya toka kwa mwenzake. Mtu amefuta rasilimali (kitu kinachoendeshwa na klasta, kama diski au huduma) kimakosa: hapo njia hiyo haifai kitu, maana nodi iliyo hai itaifuta tena. Soma toleo la nakala kwa `wbadmin get versions`, halafu `wbadmin start recovery -itemtype:app -items:cluster -version:` na toleo lenyewe. Washa huduma ya klasta kwenye nodi uliyorudishia kwanza, nodi nyingine baadaye. Hurudi usanidi tu, si data.

Tudor4: Na nakala ya pili ilale ng'ambo, Nyali au Likoni, si chumba hichohicho.