Deheni, rangi ya shaba au faiba: mashua ya mbao ipakwe nini chini ya maji?

MvuviPangani
Habari za leo wakuu. Nina mashua ya futi 26, mbao za mwembe, misumari ya chuma. Inavulia Pangani na maji yakitoka inapwelewa mchangani. Funza wa baharini wametoboa ubao wa pili kutoka kwenye mkuku, yaani mti wa chini kabisa wa chombo. Kwa nje ulikuwa na vitundu kama vya sindano, fundi alipoupasua tukakuta njia zinazoingia kidole. Ubao umeshabadilishwa, sasa nataka kuukinga mwili wote. Fundi mmoja anasema deheni, wa pili rangi ya shaba, na vijana wa boti wanasema nivike faiba nisahau. Wenye uzoefu naomba mnisaidie.

FundiWaShela
Pole sana ndugu. Kwa chombo kinachopwelewa kila siku mimi bado naiamini deheni. Ni chokaa na shahamu ya ng'ombe: shahamu inayeyushwa, inachanganywa na chokaa mpaka iwe nzito, inapakwa kwa mkono ingali vuguvugu. Vyote vinapatikana kijijini. Ubaya wake ni kwamba mchanga unaifuta, kwa hiyo ni kazi ya kurudia mara kwa mara.
Kabla ya kupaka, pitisha moto wa makuti chini ya chombo, taratibu, ubao upate joto bila kuungua. Moto ndio unaoua funza waliokwisha kuingia. Deheni haiui, inawazibia njia wachanga tu. Sifa, yaani mafuta ya papa, ipake sehemu iliyo juu ya maji, ubao usipasuke kwa jua, lakini popote unapofikiria kupaka rangi siku za mbele usiitie. Rangi haitashika.

NahodhaTumbatu
Maneno ya fundi nayaheshimu, ila kwa funza nasimama na rangi ya shaba. Shaba inatoka kidogo kidogo kwenye rangi na kuwaua funza wakiwa wachanga, wale wanaoelea wakitafuta ubao wa kukaa. Mwani na chaza nao hawagandi ovyo. Ziko zinazolika polepole na ziko ngumu. Mashua inayolala mchangani ipewe ngumu, hiyo nyingine itabaki ufukweni.
Cha kuangalia sana ni hiyo misumari yako. Shaba na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Waingereza waliliona hilo zamani. Mwaka 1761 waliivika manowari HMS Alarm mabamba ya shaba, na funza wakazuilika kweli, lakini walipokuja kuikagua walikuta misumari ya chuma iliyogusa shaba imeliwa vibaya. Ile iliyotengwa na karatasi nzito ilisalimika. Rangi haina makali ya bamba, ila kanuni ni hiyo hiyo: ziba kila kichwa cha msumari, kisha paka mwili mzima praima isiyo na shaba ndipo rangi ifuate.
Na soma kopo. Rangi zenye TBT, sumu yenye madini ya bati, zimepigwa marufuku kimataifa tangu 2008, ziliharibu chaza na konokono wa bahari. Hii ya shaba nayo vumbi lake ni sumu, ukiikwangua tumia msasa wa maji.

BotiKilindini
Kazi yangu ni faiba, na bado nakwambia usiivike mashua hiyo. Mbao zilizozoea maji zinavimba zikilowa na kusinyaa zikikauka, faiba haiendi nazo. Itaachia, utatokea ufa, maji yatakaa katikati na ubao utaoza usiuone. Funza wakiupata ufa huo watakula ndani huku nje kunang'aa. Chombo kipya cha mbao kavu, tena kwa gundi ya epoksi maana ile ya poliesta inashika mbao vibaya, hapo tungezungumza.

MvuviPangani
Nawashukuru sana. Faiba nimeiacha. Je, naweza kupaka shaba, halafu deheni juu yake?

NahodhaTumbatu
Hapana kaka. Shahamu itaifunika shaba isifanye kazi. Chagua moja.

FundiWaShela
Ukichagua shaba, sina ugomvi, ila fanya kwa mpango. Pandisha chombo siku ya maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, kikae juu kabisa. Maji mafu, yale yanayojaa kidogo, hayatakifikia, na una karibu wiki mbili za kazi mpaka bamvua ijayo ikinyanyue. Kifunike kwa makuti, ubao ukikaushwa na jua kali unapasuka na kalafati, ile pamba ya kuziba mishono, inaachia. Pitia kila mshono kwa ncha ya kisu. Pamba iliyolegea itoe yote utie mpya, kwa sababu rangi haizibi mshono, hata iwe ya bei gani.
Huo mkuku nao, hakuna rangi itakayodumu pale panapoburuzwa. Gongomea chini yake ubao mwembamba wa bei rahisi, mchanga na funza waule huo. Kila ukipandisha chombo, ung'oe uweke mwingine.