Miti, mizinga na ng'ombe katika shamba moja: hesabu inalipa?

Mfugaji wa Sengerema
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina ekari nane, ng'ombe wachache wa kienyeji na chotara wawili wa maziwa. Nakusudia kupanda miti, kutundika mizinga na kuendelea kuchunga humohumo, lakini jirani yangu anasema shughuli hizi zitanyang'anyana ardhi. Naomba mnisaidie: faida itatoka wapi, na gharama kubwa iko wapi?

Mzee wa Ngitili
Ndugu, kabla ya kuhesabu asali, hesabu pumba na mashudu unayonunua. Kwa upande wa protini, kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra, mti mdogo wa malisho, hukaribia kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo faida ya kwanza ya mti ni fedha isiyotoka mfukoni wakati wa kiangazi; na maua yake nyuki huyapenda. Wasukuma tumekuwa na ngitili tangu zamani, eneo linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa nyasi zikiisha kwingineko, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986 uliufufua utaratibu huo katika maelfu ya hekta. Gharama kubwa ni kulinda miche. Ng'ombe akiingia humo asubuhi moja tu, mstari mzima umekwisha. Hivyo miaka ya mwanzo usichunge hapo, kata majani uyapeleke zizini.

Mrina Asali, Ukerewe
Naongeza la nyuki. Dawa nyingi za kupe huua nyuki pia, basi ng'ombe wapulizie jioni, mbali na mizinga. Nyuki wawekewe maji yao, vijiti vikielea juu wasizame, la sivyo watahamia kwenye birika la mifugo, na ng'ombe aliyefungwa kamba akishambuliwa hana pa kukimbilia. Asali usiitegemee kwa karo, kwani vuli ikichelewa maua huwa haba. Nta usiitupe, nayo ina wanunuzi.

Mfugaji wa Sengerema
Ahsanteni sana. Na mikaratusi je? Nguzo zina soko Mwanza mjini.

Mzee wa Ngitili
Ipande mpakani tu, mbali na kisima, maana chini yake nyasi hazistawi vizuri. Ukiijaza shamba zima utasubiri nguzo kwa miaka huku maziwa, ambayo ndiyo fedha ya kila siku, yakipungua. Anza na ekari mbili, uzizungushie minyaa: ni vipande vya kuchomeka tu, na ng'ombe hawaili.